Likizo kwa Miguu: Mwongozo wa Kutembea Milima ya Usambara

Pita kwenye njia za kijiji bila mzigo kichwani wala jembe begani, na mtu wa kwanza utakayekutana naye atakusalimu, kisha atakuuliza: "Unakwenda kwa nani?" Ana haki ya kuuliza. Kwetu kutembea ni kazi. Tumetembea kwenda kisimani, shuleni, gulioni na kliniki, na siku tulipopata nauli tukapanda gari. Kulipa nauli ili ufike mahali, ushuke, kisha utembee kutwa nzima kwa raha tu, ni jambo ambalo wengi tumewaachia wageni kutoka ng'ambo.

Tusiwaachie. Miguu ileile iliyotupeleka kisimani inaweza kutupeleka mapumzikoni, na hakuna likizo ya gharama ndogo kuliko hiyo. Mwongozo huu ni wa mwalimu, karani, mwenye duka na mwanachuo ambaye hajawahi kufanya safari ya namna hii. Tumechukua mfano wa milima ya Usambara Magharibi, wilayani Lushoto mkoani Tanga, kwa sababu njia zake zimezoeleka, wenyeji wamezoea wageni, na unaweza kuchagua matembezi ya nusu siku au ya siku nne. Hatua zilizomo humu zitakufaa pia ukienda Uluguru kule Morogoro, Upare, au vilima vya Taita nchini Kenya.

Kwa nini utembee

Kwanza, mwili. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Anayeshinda kitini ofisini au dukani huzikosa wiki baada ya wiki. Siku moja ya kutembea milimani inazifikisha na kuzidi, nawe unakuwa unaangalia mandhari badala ya kuangalia saa.

Pili, akili. Mwendo wa miguu ndio mwendo ambao mtu anaweza kuona, kusikia na kuongea kwa wakati mmoja. Ndani ya basi, mlima ni kitu kinachopita dirishani. Ukiwa kwa miguu unajua nani analima pale juu, maji yake yanatoka wapi, na kwa nini kabichi za upande huu zimestawi kuliko za upande ule.

Tatu, fedha yako inabaki kijijini. Sahani ya wali maharage, kitanda cha usiku mmoja, ujira wa anayekuongoza, fungu la parachichi la njiani: vyote unamlipa mtu mkono kwa mkono.

> LUSHOTO KWA UFUPI
> - Mahali: Kaskazini mashariki mwa Tanzania. Unaiacha barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha pale Mombo, kisha unapanda kilomita 30 na ushee za lami yenye kona nyingi, ukipitia Soni.
> - Mwinuko: Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Vilele vya jirani vinapita mita 2,200.
> - Wenyeji: Wengi ni Washambaa. Kiswahili kinatosha kila mahali.
> - Historia: Wakoloni wa Kijerumani waliuita mji huu Wilhelmstal.
> - Milima yenyewe: Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, yenye mimea na wanyama wengi wasiopatikana penginepo duniani.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Anza na msimu, kwa sababu udongo wa Usambara ukilowa huteleza kama sabuni. Njia ya saa tatu wakati wa kiangazi inaweza kukuchukua saa tano baada ya mvua, na mteremko uliokuwa wa raha ukawa wa kuvunja mguu.

- Juni hadi Oktoba: Msimu bora. Njia ni kavu. Lakini Juni hadi Agosti kuna baridi kali, hasa usiku na alfajiri, na mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akifika na fulana moja atajuta.
- Januari na Februari: Kuna jua na joto la wastani. Mapichesi, plamu na pea hupatikana kwa wingi miezi ya mwisho na mwanzo wa mwaka.
- Novemba na Desemba: Vuli. Unaweza kutembea, ila panga safari fupi na uanze mapema, kwani mvua nyingi hunyesha mchana.
- Machi hadi Mei: Masika. Kama ni safari yako ya kwanza, subiri.

Hatua ya 2: Chagua safari inayokufaa

Usichague njia kwa picha ulizoona kwenye simu ya rafiki. Chagua kwa siku ulizonazo na kwa nguvu za aliye dhaifu kuliko wote katika kundi lenu. Kundi hutembea kwa mwendo wa huyo.

Safari A: Nusu siku, Irente. Inamfaa mgeni, familia na mtu wa makamo. Kutoka mjini hadi ukingo wa Irente ni kilomita 5 hadi 6, na njia inapita katikati ya makazi na mashamba. Mwisho wake ni jabali ambalo ardhi inakatikia hapo ghafla: chini kabisa, karibu kilomita moja wima, unaona tambarare za Mazinde, barabara kuu na mashamba ya mkonge kama vile umekaa ndani ya ndege. Karibu na hapo kuna shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri, maarufu kwa jibini, jemu na mkate. Wengi hula chakula cha mchana hapo kisha hurudi mjini taratibu.

Safari B: Siku nzima, msitu wa Magamba. Inamfaa aliyekwishatembea saa tatu mfululizo bila shida. Msitu huu wa hifadhi uko kaskazini mwa mji. Ndani yake ni baridi, kimya na kijani kitupu. Mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani huruka juu ya miti, na mwenye jicho la subira anaweza kuonyeshwa kinyonga mwenye pembe. Kupanda kupo kwa kutosha, na ukungu hushuka bila taarifa.

Safari C: Siku tatu hadi nne, Lushoto hadi Mtae. Hii ndiyo safari yenyewe kwa aliyejiandaa. Mara nyingi hupangwa hivi: siku ya kwanza Lushoto, kupitia Magamba, hadi Lukozi kwenye mashamba ya viazi na kabichi, siku ya pili Lukozi hadi Rangwi, ambako masista hupokea wageni, siku ya tatu, au ya tatu na ya nne, Rangwi hadi Mtae. Mtae ni kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa mlima. Ukisimama ukingoni unaona tambarare za Mkomazi chini yako na milima ya Upare ng'ambo, na siku anga likiwa safi hata Kilimanjaro.

Hatua ya 3: Pima saa zako kabla ya kuondoka

Ukitaka salama milimani, hesabu saa kabla ya kilomita. Kwetu jua linazama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na likishazama giza halichelewi. Anayetembea njia ya msituni gizani hajui anapokanyaga.

Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskochi, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika hadi leo. Ifanye hivi:

1. Hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia.
2. Ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda.
3. Hiyo ni ya mtu mwenye nguvu asiyepumzika. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, ongeza nusu ya jumla hiyo.

Mfano: Njia ni kilomita 12 yenye mita 600 za kupanda. Kilomita 12 ni saa 2 na dakika 24. Kupanda ni saa 1. Jumla ni saa 3 na dakika 24. Ongeza nusu yake, unapata saa 5 na dakika chache. Ukiondoka saa 1 asubuhi utafika saa 6 mchana. Ukiondoka saa 5 baada ya chai ndefu utafika saa 10 jioni, na akiba yako ya mwanga imebaki ndogo.

Kanuni ya kubaki nayo: panga kufika kabla ya saa 10 jioni, ili ukichelewa saa mbili bado jua lipo.

Hatua ya 4: Andaa mwili kwa wiki nne

Si lazima uwe mwanariadha, lakini magoti na nyayo zinahitaji kukumbushwa kazi yake. Anayetoka kitini moja kwa moja hadi mlimani hushindwa siku ya pili. Misuli ya mapaja hukaza, na kila ngazi inakuwa adhabu.

- Wiki ya 1: Dakika 30, mara nne kwa wiki. Shuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kwako.
- Wiki ya 2: Dakika 45, mara nne, ukiwa na viatu vilevile utakavyosafiri navyo.
- Wiki ya 3: Ongeza begi lenye uzito kidogo. Mwisho wa wiki tembea saa mbili mfululizo.
- Wiki ya 4: Tafuta kilima au ngazi za ghorofa. Panda na kushuka kwa dakika 30, mara mbili. Mwisho wa wiki tembea saa tatu, kisha pumzika siku mbili kabla ya safari.

Angalizo: Kama una shinikizo la damu, kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo au mimba, zungumza na daktari kwanza, na umwambie urefu wa njia na mwinuko wake. Dawa zako zibebe mwenyewe, usimwachie mwenzako.

Hatua ya 5: Viatu, nguo na begi

Viatu ndivyo vinavyoamua safari. Hakuna haja ya buti za bei kubwa. Raba imara zenye meno chini zinatosha, nazo mitumba mizuri ipo. Zipime jioni, miguu ikiwa imetanuka kidogo, ukiwa umevaa soksi utakazotembea nazo. Kidole gumba kibaki na nafasi mbele, kwa sababu wakati wa kushuka mguu huteleza kwenda mbele na kucha hugonga. Kiatu kipya usikivalie siku ya safari. Malengelenge yamewarudisha watu wengi kuliko uchovu.

Nguo vaa kwa tabaka: fulana nyepesi, juu yake sweta, juu kabisa koti la mvua. Ukipanda unavua, ukisimama unavaa. Jinzi haifai, maana ikilowa ni nzito na haikauki. Vaa suruali nyepesi ndefu, au sketi pana inayoruhusu hatua ndefu.

> ORODHA YA BEGI: SAFARI YA SIKU MOJA
> ☐ Maji lita 2 hadi 3 kwa mtu
> ☐ Chakula: mkate au chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga
> ☐ Sweta na koti la mvua, hata kama asubuhi kuna jua
> ☐ Kofia au kanga ya kujifunika jua
> ☐ Soksi za akiba ndani ya mfuko usiopitisha maji
> ☐ Tochi yenye betri mpya
> ☐ Simu iliyojaa chaji, yenye ramani iliyopakuliwa kabla
> ☐ Plasta, bandeji, dawa ya kusafishia kidonda, dawa ya maumivu
> ☐ Filimbi: ukipotea, inasikika mbali kuliko sauti yako
> ☐ Kitambulisho na fedha taslimu za noti ndogo
> ☐ Mfuko wa kubebea takataka zako
>
> Kwa safari ya siku nyingi ongeza: nguo kavu za kulalia, sweta la pili, kandambili za jioni, sabuni na taulo dogo, dawa ya kutibu maji, betri ya akiba ya kuchaji simu.

Begi likishajaa, livae na uzunguke nyumba kwa dakika kumi. Likikuumiza mabega sebuleni, mlimani litakushinda. Toa kitu.

Hatua ya 6: Pata mwenyeji wa kukuongoza

Wengi huuliza: "Kwa nini nimlipe mtu anionyeshe njia katika nchi yangu?" Sababu ni tatu. Vijia vya Usambara ni vingi mno, na kila shamba lina chake. Ramani ya simu haijui kipi kimekatwa na mvua ya wiki jana. Msitu wa hifadhi una kibali na ada yake, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, naye mwenyeji anajua utaratibu. Na kubwa zaidi, bila mwenyeji utaona miti. Ukiwa naye utajua majina yake na kazi zake.

Fuata utaratibu huu:

1. Ukifika Lushoto mjini, uliza kwenye ofisi ya utalii wa kitamaduni, au kwa mwenye nyumba ya wageni unapolala. Usimfuate mtu aliyekudaka stendi kabla hujathibitisha kazi yake.
2. Omba kuona kitambulisho chake cha kazi.
3. Mweleze wazi: mko wangapi, umri wenu, mmewahi kutembea saa ngapi, na nani ana tatizo la afya.
4. Kubalianeni bei ya jumla kabla ya kuondoka. Uliza imejumuisha nini: ujira wake, kibali cha msitu, chakula, malazi, usafiri wa kurudi. Iandikwe.
5. Uliza ada ya raia. Katika hifadhi zetu raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, lakini lazima uonyeshe kitambulisho.
6. Chukua risiti ya kila ada ya serikali.

Kwa fedha nyingine, toa benki au kwa wakala ukiwa bado mjini. Huko juu wakala wa simu wapo vijijini, ila mara nyingine hawana salio la kukutosha.

> MUULIZE MWENYEJI WAKO
> - Habari za Mbegha, mwindaji ambaye Washambaa wanasimulia kuwa ndiye mwanzilishi wa ukoo wao wa kifalme, na za Kimweri ye Nyumbai aliyetawala kutoka Vuga katika karne ya 19.
> - Ua dogo la zambarau linalopandwa kwenye vyungu vya madirishani duniani kote. Asili yake ni misitu ya huku. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alipeleka mbegu zake Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890, na jina la kisayansi lililopewa ua hilo wakati huo, Saintpaulia, likatokana na jina la ukoo wake.
> - Matuta ya mashambani. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwalazimisha wakulima wa Mlalo na kwingineko Usambara kuyachimba, nao wakaupinga mpango huo. Uliza wazee wanasimulia nini.
> - Salamu ya Kishambaa ya asubuhi na ya jioni. Itakufungulia milango mingi.

Hatua ya 7: Siku yenyewe, saa kwa saa

Kufika: kutoka Dar es Salaam kuna mabasi yanayokwenda Lushoto moja kwa moja. Kutoka Arusha au Moshi unaweza kushuka Mombo na kupanda gari dogo hadi juu. Kama huwezi kuvumilia kona, kaa mbele, usile chakula kizito, na uangalie mbali badala ya simu. Fika siku moja kabla ya matembezi, ulale, mwili uzoee baridi.

1. Saa 12 asubuhi: Kunywa chai nzito na maji glasi mbili. Kagua miguu na kucha.
2. Kabla ya kuondoka: Mwachie mwenye nyumba ya wageni na ndugu mmoja nyumbani taarifa tatu: unakokwenda, uko na nani, na saa ya kurudi. Waambie wafanye nini ukichelewa.
3. Saa 1: Anza taratibu. Nusu saa ya kwanza uweze kuongea bila kuhema. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo.
4. Kila saa moja: Simama dakika tano hadi kumi. Kunywa maji kabla ya kiu. Ukisikia joto mahali pamoja mguuni, vua kiatu papo hapo ubandike plasta. Ukingoja, litakuwa lengelenge.
5. Saa 6 mchana: Kula. Angalia anga na uhesabu saa zilizobaki. Kama mko nyuma ya mpango, geuzeni au fupisheni njia.
6. Kushuka: Hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, macho chini. Fimbo husaidia sana. Mwenda pole hajikwai.
7. Mwisho: Nyoosha mapaja na mashavu ya miguu, vaa nguo kavu, piga simu kwa uliyemwachia taarifa.

Kwa safari ya Mtae kumbuka jambo moja zaidi: mabasi ya kutoka kule huondoka mapema sana, kukiwa bado giza. Uliza saa jioni ya kuamkia safari, na weka nafasi.

Adabu za njiani

Unatembea katika nyumba za watu: uwanja wao, shamba lao, njia ya watoto wao kwenda shule. Hivyo:

- Anza wewe kusalimia. Mkubwa mpe shikamoo yake, hata kama umechoka.
- Anayepanda na mzigo mpishe. Wewe umebeba maji na mkate. Yeye kabeba riziki.
- Usikate njia katikati ya shamba. Tuta moja unaloliporomosha ni siku ya kazi ya mtu.
- Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, na akikataa, shukuru uendelee.
- Usigawe pipi wala sarafu kwa watoto, unawafundisha kuomba. Ukitaka kusaidia, nunua matunda kwa mama yao, au muulize mwalimu mkuu shule ina upungufu gani.
- Vaa kwa heshima ya vijijini, waliko Waislamu na Wakristo wengi wanaoshika dini.
- Ukitaka kupiga hema, ripoti kwanza kwa afisa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji.
- Msituni usichume ua, usiwashe moto, usiache hata ganda la peremende.

Hatari, na la kufanya

Kupotea au ukungu. Simama. Usiendelee "kujaribu". Piga filimbi mara tatu, ngoja, rudia. Kama unaijua njia uliyotoka, irudie hiyohiyo.

Radi. Shuka mgongo wa mlima mara moja, na usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Nyoka. Mara nyingi hukimbia akisikia vishindo. Akiuma: mtulize mgonjwa, vua pete na viatu upande huo, funga kiungo kwa ubao kisicheze, mpeleke hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza damu.

Siafu na upupu. Tazama chini kabla ya kukaa. Suruali ndefu husaidia kukinga upupu.

Baridi ya kulowa. Akianza kutetemeka na kuongea hovyo, mvue nguo mbichi, mvishe kavu, mpe kitu cha moto chenye sukari, na msimwache peke yake.

Kifundo kuteguka. Acheni kutembea, funga bandeji, inua mguu, tumeni mtu akalete msaada au bodaboda hadi barabara iliyo karibu.

Maji ya mto. Hata yakiwa maangavu, juu yake kuna ng'ombe na mashamba yaliyopuliziwa dawa. Beba yako au nunua ya chupa. Kuchemsha na dawa ya kutibu maji huua vijidudu tu. Sumu ya mashambani haiondoki.

> MAJI YA CHUMVI NA SUKARI
> Kwa anayehara au aliyetoka jasho jingi:
> 1. Maji safi lita 1
> 2. Sukari vijiko 6 vya chai, vilivyosawazishwa
> 3. Chumvi nusu kijiko cha chai, kilichosawazishwa
>
> Koroga, anywe kidogokidogo. Chumvi usizidishe, ni hatari.
>
> Dharura Tanzania: piga 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji.

Makosa yanayorudiwa kila msimu

1. Kuchelewa kuanza. Ndilo chimbuko la mengi yanayofuata.
2. Kushindana. Vijana hutangulia, wazee huachwa, kundi linakatika mahali penye njia panda. Wa mbele angoje kila njia panda.
3. Kuitegemea simu kwa kila kitu. Mabondeni mtandao hukatika na baridi humaliza chaji.
4. Kwenda na kundi kubwa mno. Sita hadi nane ni wa kutosha. Wakizidi, kila kituo ni nusu saa.
5. Spika ya muziki. Inafukuza ndege na mbega, na inawanyima wenzako kimya walichokifuata.
6. Kusogelea ukingo kwa ajili ya picha. Irente na Mtae majabali hayana kizuizi kila mahali. Kaa hatua tatu nyuma, na mtoto ashikwe mkono.
7. Kuona aibu kurudi. Mlima hauhami. Aliyegeuka akiwa mzima atakuja tena.

> UKAGUZI WA USIKU WA KUAMKIA SAFARI
> ☐ Hali ya hewa nimemuuliza mwenyeji
> ☐ Saa nimezihesabu kwa kanuni, na tutafika kabla ya saa 10 jioni
> ☐ Bei imeandikwa, kibali kimelipiwa, risiti ninayo
> ☐ Viatu nimevizoea
> ☐ Begi nimelivaa nikalipima
> ☐ Dawa zangu ziko mfukoni
> ☐ Watu wawili wanajua ninakokwenda
> ☐ Simu imejaa chaji, tochi inawaka

Kama kisanduku kimoja kimebaki wazi, kishughulikie usiku huo huo, usikiache hadi asubuhi.

Huna haja ya kungoja likizo ndefu ili uanze. Jumamosi hii chukua chupa ya maji, vaa viatu ulivyonavyo, mwite mwenzako mmoja, na mtembee saa moja nje ya mji, mahali ambapo siku zote hupita kwa gari. Jumamosi ijayo tembeeni saa moja na nusu. Mwezi ukiisha utakuwa tayari kwa Irente, na aliyefika Irente kwa miguu yake hachelewi kuuliza njia ya Mtae. Na yule wa kwanza utakayekutana naye akikuuliza unakwenda kwa nani, mjibu ukweli: nimekuja kuwatembelea, na nimekuja kwa miguu. Atakukaribisha.